Meno ya Sulle Bura

Shamba la Ngano Gidamur,
Hanang.
12 Februari 1984

Shangazi Genoveva,

Shikamoo. Mfikishie mama shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, maana najua atakuwa amesimama nyuma yako. Mimi ni mzima, isipokuwa mafua ya vumbi. Matrekta yameanza kupanda na upepo wa huku hauna adabu. Patriki, dereva wa lori la mbegu, ameniambia kwamba ng'ombe mwekundu amezaa jike. Nimefurahi. Je, mguu wa mama umepungua uvimbe? Maharage ya Maretadu yameshaota?

Shangazi, nimeyaona meno ya baba.

Yale aliyorudi nayo kutoka Lindi mwaka 1979, baada ya miaka miwili ya kusafisha mashamba ya korosho kwa trekta. Unayakumbuka, yale ya mijusi waliokuwa wakiruka angani kabla mtu hajaumbwa. Membamba kama sindano ya kushonea magunia, yamepinda kidogo, ncha inang'aa na shina limefifia. Likizo zangu za sekondari nilizimaliza mezani kwake, yeye akinitajia kila jino aliliokota kwenye bonde lipi, nami nikiandika kijikaratasi chake. Septemba iliyopita polisi walipompekua kwa kesi ya dizeli waliyachukua na kuandika "mawe madogo 41." Baba alifia mahabusu, mawe hayakurudi.

Yapo katika kabati la vioo, ofisini kwa Meneja Theodory. Ameyalaza juu ya pamba kama vifaranga.

Alhamisi aliniita. "Karani, una mwandiko wa padre. Niandikie lebo mpya."

"Za nini, mzee?"

"Za historia. Mwezi wa saba anakuja Dokta wa mifupa ya kale kutoka Dar. Wanasema mnyama mpya hupewa jina la aliyemwokota." Akanipa vijikaratasi vya zamani, vile nilivyoandika mimi na baba, akaniambia nivichome.

Nilivichoma, shangazi. Alikuwa amesimama mlangoni.

Nakuomba usimwambie mtu. Naogopa.

Mwanao,
Basili


Maretadu,
Mbulu.
4 Machi 1984

Mwanangu Basili,

Marahaba. Barua yako imekaa siku tisa kwa mwenye duka, amekuwa akifungia sukari juu yake. Mama yako ni mzima, mguu bado. Maharage yameota vizuri upande wa juu, upande wa chini fuko amekula. Ndama tumemwita Subira. Jina amechagua mama yako, si mimi.

Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nililia, mara ya pili sikulia.

Mama yako anasema tumwachie Mungu. Mimi namwomba Mungu kila Jumapili na kitenge changu kizuri, lakini Theodory sijamwachia bado. Alimtaka kaka yangu amuuzie meno yale, kaka akakataa, akasema atayapeleka mwenyewe Dar. Baada ya wiki tatu kaka yangu akawa mhujumu uchumi. Mwaka ule wa operesheni ya kuwakamata wahujumu, ulihitaji adui mmoja na karatasi moja tu.

Karatasi ndiyo inayoninyima usingizi. Walisema shahidi ni "karani wa stoo," jina limehifadhiwa, amemwona Sulle akipakia mapipa manne ya dizeli kwenye lori la kwenda Endasak. Makarani wa stoo mlikuwa watatu. Wewe tukuweke kando. Amebaki Joakimu, amebaki Tluway, mtoto wa jirani zetu hapa. Nani?

Hukuwepo siku ya tatu baada ya mazishi, ulirudi kazini haraka, kwa hiyo hujui. Niliwaita wazee. Jua lilipokuwa linachomoza tulisimama, mimi nikasema na wao wakaitikia. Tumeifunga lo'o, laana ya wazee, juu ya mkono uliotia sahihi karatasi ile. Hatukutaja jina kwa kuwa hatulijui. Lo'o haihitaji jina, itamtafuta mwenyewe.

Sasa Theodory. Nampa Patriki kifurushi. Ndani kuna meno ya yule mbwa wetu mzee aliyekufa mwezi wa kwanza. Nimeyachemsha kwa majani ya chai na majivu mpaka yamezeeka kuliko mimi. Yachanganye na yale ya kabati. Nataka huyo Dokta ashike jino la mbwa mbele ya watu wote na kuuliza, "Meneja, huyu naye aliruka?"

Nijibu kuhusu karani.

Shangazi yako,
Genoveva


Gidamur,
29 Aprili 1984

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa. Mvua ilikata barabara na lori lilikaa wiki mbili kwenye tope. Mfikishie mama shikamoo. Fuko mtegeeni kwa kitanzi cha waya, baba alifanya hivyo. Ngano huku imefika magotini, kijani kila upande, na Wabarbaig wanapitisha ng'ombe pembezoni wakiitazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikikaliwa na wengine.

Naandika kwa tabu, kidole cha shahada cha mkono wa kulia kimevimba. Nilichomwa na waya wa gunia, si kitu.

Kifurushi nilikipata. Nilicheka peke yangu, kisha nikakizika nyuma ya gereji. Shangazi, mtaalamu hatishwi na jino la mbwa. Ataliweka kando, watu watacheka kidogo, halafu watakunywa chai. Mimi sitaki Theodory achekwe. Ngoja nikueleze ninachotaka, maana sijawahi kukieleza hata kwa padre.

Jino kama lile thamani yake ni mahali lilipookotwa. Bila mahali ni kokoto. Baba alilijua hilo bila kusoma, ndiyo maana alinichosha na vijikaratasi. Wiki iliyopita Theodory aliniambia niandike lebo zote arobaini na moja hivi: Mkusanyaji, Theodory. Mahali, Korongo la Getanuwas.

Nikauliza, "Getanuwas hii ya hapa, mzee?"

"Kwani Lindi nimekwenda lini? Nikisema Lindi wataniuliza kibali, wataniuliza nani alinisindikiza. Hapa mwenyeji ni mimi. Andika."

Shangazi, ardhi yote ya huku ni jivu la Mlima Hanang. Mwalimu wa jiografia alitufundisha kwamba mlima wetu ni mtoto mchanga mbele ya mijusi wale. Walikwisha kabla haujazaliwa, mamilioni kwa mamilioni ya miaka. Kuokota jino lao hapa ni sawa na kuukuta mfupa wa babu ndani ya tumbo la mjukuu. Yeyote aliyesoma kazi hiyo atajua kabla hajavua kofia.

Ningeweza kumwonya kwa sentensi moja. Nilisema, "Ndiyo, mzee," nikaandika kwa mwandiko wangu bora kuliko wote. Nimenyamaza mara nyingi katika maisha yangu kwa sababu ya uoga. Hii ni mara ya kwanza kunyamaza kwangu kumenifurahisha.

Mwanao,
Basili


Maretadu,
20 Mei 1984

Basili,

Marahaba. Sote wazima. Fuko tumemnasa.

Mpango wako nimeuelewa na nimekuheshimu. Jino la mbwa lilikuwa hasira ya mwanamke wa jikoni. La kwako ni la mtu aliyesoma. Baba yako angetoa ile sauti yake ya puani, ya kuridhika.

Lakini nilikuuliza swali, ukanijibu kwa habari za waya na fuko. Najua unamwonea huruma rafiki yako Tluway, ndiyo maana humtaji. Basi nimejijibu mwenyewe. Joakimu ni mlokole, haongopi hata kuhusu bei ya nyanya. Ni Tluway. Jumatano nilimkuta mama yake kisimani, nikamwambia mbele ya wanawake: "Ndoo yako itangoja. Mwanao amemuua kaka yangu kwa kalamu." Aliinua ndoo tupu akaondoka. Tangu siku hiyo anachota maji ya mtoni, na hakuna anayemwazima moto.

Sijutii. Ajue njia ya mtoni ilivyo ndefu.

Patriki ananiambia mkono wako umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Waya gani huo?

Genoveva


Gidamur,
5 Agosti 1984

Shangazi,

Shikamoo.

Natumaini mama ameanza kutembea. Ngano tumeanza kuvuna. Zahanati walinipasua kidole, usaha umekwisha, lakini viwili havikunji tena. Barua hii nimeiandika kwa siku tatu. Tafadhali isome ukiwa umekaa, na mama asiwepo.

Dokta alifika tarehe 17 Julai. Ni mwanamke, Dokta Imakulata, mfupi, viatu vya turubai, hana maneno mengi. Theodory alikuwa amevaa kaunda suti mpya na amechinja mbuzi wawili. Dokta hakuwatazama mbuzi. Alichukua jino moja, akaligusa kwa ncha ya ulimi, akafumba macho.

"Ni lenyewe," alisema. "La mjusi arukaye. Safi sana. Umelipata wapi?"

"Hapa hapa, Dokta! Getanuwas. Lebo inasema."

Dokta akaisoma lebo, kisha akamtazama kwa muda. "Nipeleke."

Tulikwenda kwa Landrova mbili, meneja, mimi na daftari, askari wawili wa kituoni waliokuja kwa ajili ya nyama, na wakubwa wa shamba. Korongoni Dokta aliukwangua ukuta kwa nyundo yake, akapukutisha vumbi kiganjani.

"Hili ni jivu la mlima, meneja."

"Ndiyo, Dokta. Rutuba tupu."

"Mlima huu ulipoanza kutapika moto, mijusi hawa walikuwa wamesahaulika duniani. Ulichimba wapi?"

"Pale chini."

"Pale chini nako ni jivu."

Mzee Qamara, Mbarbaig anayechunga upande ule, alikuwa amesimama juu ya ukingo na mkuki wake. Dokta akapanda mpaka kwake, akamwamkia vizuri, akamwonyesha jino. "Mzee, umewahi kuona meno kama haya hapa?"

Qamara aliligeuza geuza. "Meno niliyoyaona hapa ni ya baba yangu mdogo," alisema, "siku trekta lenu lilipopita juu ya kaburi lake. Hayo hamkuyaandikia karatasi."

Wakubwa wa shamba walitazama viatu vyao.

Dokta alirudi akiwa amebadilika. Akatoa chembe za mchanga kwenye tundu la jino kwa pini. "Mchanga wa kusini," alisema. "Haya yametolewa Lindi. Ni mali ya taifa. Nani aliyatoa, na kwa kibali gani? Askari, naomba mwandike."

Theodory alitoka jasho mpaka suti ikabadilika rangi. Ndipo akasema ukweli, shangazi. Pengine ndiyo mara yake ya kwanza.

"Si yangu! Ni ya Sulle Bura, fundi wa matrekta, yule mhujumu aliyefia mahabusu. Alikuja nayo kutoka Lindi. Huyu karani ni mwanawe. Muulizeni!"

Wote wakanigeukia. Dokta alikuja karibu, akaniuliza taratibu, kama nesi: "Kijana, ni ya baba yako? Kama ni yake, niambie aliyaokota wapi hasa, nami nitaliandika jina lake. Hataonekana mwizi, nitalieleza mwenyewe."

Yale mabonde yote ninayakumbuka. Naweza kuyataja hata sasa, jino kwa jino. Lakini Theodory alikuwa ananitazama kwa matumaini, shangazi. Kwa matumaini! Nikaona kwamba kamba aliyoishika ni jina la baba, na kisu ninacho mimi.

"Hapana, Dokta," nilisema. "Baba yangu alikuwa fundi wa matrekta tu. Haya nimeyaona mara ya kwanza katika kabati la meneja."

Theodory akacheka. Alicheka kama mtu anayekohoa. "Mkane tu. Kumkana baba yako unajua, hii ni mara ya pili. Waambie ni nani aliyetia sahihi ile karatasi ya mapipa!"

Hawakumjali, walidhani anatapatapa. Walimchukua jioni ile ile. Kumdanganya mtaalamu wa serikali, na mali ya taifa ofisini, katika miaka hii, hakuna aliyemtetea. Yuko mahabusu ile ile aliyofia baba. Nimeuliza. Ni ile ile.

Meno Dokta ameondoka nayo. Nilimwona akiandika kwa penseli juu ya kopo: "Pengine Lindi. Mwokotaji hajulikani."

Sasa nimefika mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka tangu Februari.

Mama yake Tluway mrudishieni kisima. Tluway hakutia sahihi kitu chochote, na Joakimu hakutia sahihi. Theodory aliniita ofisini, karatasi imeshapigwa chapa. Alisema: "Mapipa manne hayapo. Ama aliyapakia baba yako, ama uliyapakia wewe. Baba yako mzee, watamwonya tu. Wewe kijana wa Form Six watakuozesha jela. Chagua." Nilimwomba kalamu. Hata kalamu sikuwa nayo, nilimwomba yeye.

Niliambiwa ataonywa tu. Nilijiambia hivyo mpaka siku walipoleta jeneza.

Siamini lo'o. Nimesoma biolojia, najua usaha ni nini. Lakini vidole viwili havikunji, na kila nikivitazama naisikia sauti yako. Wewe ndiye uliyeifunga. Nakuomba uifungue.

Basili


Maretadu,
9 Septemba 1984

Basili,

Shikamoo yako nimeiona. Sikuiitikia.

Nilianza kuisoma barua yako nikiwa nimesimama, ingawa uliniambia nikae. Nilipofika pale Theodory anatoka jasho nilicheka. Nilipofika mahabusu nilicheka mpaka mama yako akatoka jikoni kuniuliza nacheka nini, nikamwambia, "Mwanao amemlipia baba yake kisasi." Akapiga magoti pale pale juu ya maganda ya maharage, akamshukuru Mungu kwa kumpa mtoto kama wewe. Nami nikageuza ukurasa.

Nimekaa na ukurasa huo wiki tatu.

Nitakwambia jambo ambalo sijawaambia wazee. Kuhusu Theodory bado nafurahi. Nimejaribu kuiondoa furaha hiyo, haitoki. Nafurahi kwa uongo uliousema, na uongo huo umemfuta kaka yangu kwenye kitu pekee alichowahi kukitafuta kwa ajili yake mwenyewe. Wewe ulimkana, mimi nikacheka. Hapo tumekuwa ndugu kweli.

Kisimani nimekwenda. Nilibeba ndoo ya mama yake Tluway kutoka mtoni mpaka mlangoni kwake, mbele ya wanawake wale wale. Hakunishukuru. Alimwaga yale maji, akachukua ndoo, akarudi mtoni mwenyewe. Ana haki.

Wazee nimewauliza bila kutaja jina. Wamesema lo'o hufunguliwa na kinywa kilichoifunga, na ni lazima mwenye mkono aje kwa miguu yake na aseme mbele ya aliowakosea. Barua haitoshi. Aliyekosewa kuliko sote ni mama yako, na hajui. Kila jioni anamwombea mkono wako upone, kwa jina lako na kwa jina la baba yako pamoja. Mimi nimekaa pembeni, nasikia, sisemi. Hicho ndicho kisasi changu kwako, na nakwambia wazi kwamba kinanikata mimi pia.

Kwa hiyo njoo. Usimtume Patriki na zawadi. Usianze kwa padre, wala kwangu. Ukifika uani nipite kama nguzo, ingia jikoni, mwambie mama yako mwenyewe, kwa kinywa, ukimtazama. Mwambie habari ya karatasi. Kisha mwambie habari ya korongo. Baada ya hapo kaeni chini, umtajie mabonde yote ya Lindi, jino kwa jino, nami nitaandika ukutani kwa mkaa kama hakuna karatasi, ili tumpelekee yule Dokta. Theodory akipona kwa ajili hiyo, apone. Nitamchukia akiwa nje, nguvu ninazo.

Ukimaliza, toka nje uniamkie.

Nitakuwa nimekaa mlangoni. Kama nitaitikia au sitaitikia, Basili, naapa hata mimi sijui.

Genoveva Bura